Klachi Mpya kwa Gari Kuukuu: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Mkulima wa upande wa Kapkatet anajua vema siku ambayo gari lake humwangusha. Si siku ya Jumapili, gari likipita kwenye lami na watoto wa kwenda kanisani. Ni siku ya mbolea. Magunia ishirini ya kilo 50 yamekwisha pakiwa, yaani tani moja kamili. Mvua imenyesha usiku kucha, na kile kilima kinachotoka mtoni kimekuwa utelezi mtupu. Injini yanguruma kwa nguvu zote, lakini gari halipandi. Mara harufu kama ya kitambaa kinachoungua yaingia ndani. Hapo klachi inakwisha, na mwenye gari anaanza kuhesabu fedha alizo nazo.

Fedha si jambo la pekee. Majani ya chai yaliyochumwa asubuhi lazima yapimwe siku ile ile. Yakishindiliwa katika gunia mpaka kesho hupata joto, hugeuka rangi, na karani wa kituo huyakataa. Maziwa nayo hayamngojei fundi. Kwa hiyo mkulima ambaye gari lake limelala hununua klachi kwa haraka, na klachi iliyonunuliwa kwa haraka ndiyo inayonunuliwa mara mbili. Habari hizi zimeandikwa ili usome leo, gari likiwa bado linatembea.

Kuna sababu ya kusema juu ya magari makuukuu hasa. Kwa kanuni za viwango vya Kenya, gari lililotumika ng'ambo haliingizwi nchini kama limepita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Lakini gari ambalo liko hapa tayari hufanya kazi mpaka mwenyewe achoke. Ndiyo maana katika barabara zetu, kati ya Kericho na Sotik, bado utakutana na Land Rover, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, na pikapu za Peugeot 504 na Toyota Hilux, aina ambazo zote mbili zilitokea mara ya kwanza mwaka 1968. Magari haya yana sifa njema. Peugeot 504 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na mtu wa makamo ataweza kukusimulia jinsi yalivyopita matopeni. Lakini gari la umri huo limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha alama yake. Alama hizo ndizo zinazoleta taabu unapotafuta klachi.

JE, NI KLACHI KWELI?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha ugonjwa. Wengi wametoa giaboksi bure.

Kama gari languruma bila kuongeza mwendo kilimani, lijaribu hivi. Lisimamishe mahali tambarare ambapo hakuna mtu mbele yake. Vuta handibreki, weka mawe mazuri mbele ya magurudumu, tia gia ya tatu, kisha ongeza mafuta kidogo na uachie pedali polepole. Injini ikizima, klachi bado inashika. Ikiendelea kuzunguka kama kwamba hakuna kilichotokea, klachi imekwisha au imepata mafuta. Jaribu mara moja tu, kwa maana jaribio lenyewe huunguza.

Kama shida ni gia kukwaruza, hasa ya kurudi nyuma, huenda klachi ni nzima na kinachougua ni kile kinachoisukuma. Fungua chupa ya mafuta ya klachi, utazame kama yamepungua. Pedali ikishuka sakafuni bila kukaza, mpira wa silinda umechakaa, wa juu au wa chini, na mpira ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na klachi. Tia humo mafuta ya breki yale yale yaliyoagizwa na kitabu cha gari. Usitie mafuta ya injini hata kama umekwama njiani, maana yatavimbisha mipira yote na utalipa zaidi.

Sikiliza pia. Sauti ikitokea unapokanyaga pedali, mshitakiwa ni beringi ya kuachia klachi, ambayo mafundi huiita rilisi. Sauti ikinyamaza unapokanyaga na kurudi unapoachia, uangalie beringi ya mbele ya giaboksi. Klachi mpya haitaponya giaboksi.

KAZI YAKE

Klachi ni vitu vitatu. Kuna sahani yenye bitana pande mbili, ambayo mafundi huiita klachi pleti. Kuna presha, ambayo huibana sahani hiyo juu ya gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili. Na kuna hiyo rilisi, inayosukuma vidole vya presha ili sahani iachiwe. Nguvu ya kushika hutegemea jinsi springi inavyobana, aina ya bitana, na upana wa sahani. Sahani pana hushika zaidi kuliko nyembamba hata ikibanwa kwa nguvu ile ile, kwa sababu ile ile inayokufanya utafute spana ndefu nati ikikataa kufunguka.

NINAVYOJUA UCHUNGU WAKE

Mimi mwenyewe nimekwisha kosa katika jambo hili, na nalieleza bila haya. Nilikuwa na pikapu niliyoinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Klachi ilipokwisha nilichukua kitabu cha kuandikisha gari, nikaenda dukani nikamsomea mwuzaji jina la gari, mwaka wake, na ukubwa wa injini kama ulivyoandikwa. Akanipa sanduku, nikalipa, nikarudi nikiwa nimefurahi kwa kuwa nimepunguziwa bei.

Fundi alikuwa amekwisha shusha giaboksi. Akachukua sahani mpya, akaitia katika shafti, ikaingia vizuri kabisa, meno sawa. Kisha akaishika presha mpya mbele ya flaiwili, akanyamaza kidogo.

"Mzee," akaniambia, "hii injini si ya gari hili."

Mmoja wa wale walionitangulia alikuwa ameng'oa injini ya petroli akatia ya dizeli, wala hakuandikisha mahali popote. Matundu ya boliti katika flaiwili yalikuwa yametawanyika zaidi kuliko ya presha niliyoleta, na sahani ya zamani ilikuwa pana kuliko mpya kwa zaidi ya sentimita moja. Mwuzaji hakukubali kuirudisha, maana ilikuwa imeshikwa kwa mikono yenye mafuta. Gari lilikaa juu ya mawe siku tatu. Katika siku hizo lori la majani lilipita mara tatu, nami nilimlipa jirani kunibebea. (Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yapasa kuandikishwa kwa NTSA. Faida yake si kwa askari wa barabarani tu. Ni kwako pia siku ya kununua vipuri.)

Tangu siku ile sinunui klachi kwa jina la gari. Nanunua kwa kipimo.

KUPIMA

Njia iliyo bora ni kushusha giaboksi kwanza, kuitoa klachi kuukuu, na kwenda nayo dukani mkononi. Najua jambo hili lina gharama yake, kwa maana gari huwa limelala wakati unasafiri. Lakini ukiwa na mtu wa kukaa dukani Kericho au Kisumu, waweza kumpelekea picha na vipimo kwa simu, na kazi ikaisha siku moja.

Pima upana wa sahani kutoka ukingo hadi ukingo, kwa milimita. Usikisie. Ya milimita 225 na ya 236 ukizitazama zikiwa mbalimbali zaonekana kama ndugu mapacha. Kisha hesabu meno ya ndani, yale yanayoingia katika shafti ya giaboksi. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, uhesabu hadi urudi pale pale, kisha uhesabu tena. Idadi ikiwa sawa bado hujamaliza: shafti mbili zaweza kuwa na meno sawa kwa hesabu, na moja ikawa nene kuliko nyingine. Kwa hiyo pima na unene wa shafti. Ikiwezekana, itie sahani mpya katika shafti kwa mkono kabla ya kulipa salio. Yapasa iteleze bila kugongwa na bila kuchezacheza. Sahani ambayo fundi amelazimika kuipiga nyundo ili iingie haitaachia vizuri hata siku moja.

Kwenye presha, hesabu matundu ya boliti na upime umbali kati ya matundu yanayotazamana. Tazama pia springi. Presha za zamani zilikuwa na springi ndogo nyingi zilizozungushwa pembeni. Za baadaye zina springi moja bapa yenye vidole vinavyoelekea katikati. Land Rover ni mfano mzuri hapa. Zile za kabla ya Series III nyingi zilikuwa na klachi ya inchi 9 yenye springi ndogo ndogo. Series III iliyotoka mwaka 1971 ilikuja na ya inchi 9 na nusu yenye springi bapa. Watu wamebadilishana injini na giaboksi za magari haya miaka yote hii, na anayemwambia mwuzaji "nipe klachi ya Land Rover" amesema nusu ya neno.

Rilisi nayo ilinganishwe na ya zamani: urefu wake, tundu lake, na uso wake, kama ni bapa au una mviringo. Uso wake lazima ulingane na vidole vya presha mpya, si vya ile ya zamani.

DUKANI

Watengenezaji wa klachi si watengenezaji wa magari. Aisin wa Japani, ambao ni wa jamaa ya Toyota; Exedy, ambao zamani waliitwa Daikin na wakabadili jina mwaka 1995; Valeo wa Ufaransa; LuK na Sachs wa Ujerumani; na Borg & Beck, jina ambalo wenye magari ya Kiingereza walilijua sana. Hao na wenzao huyauzia makampuni ya magari, kisha huuza klachi hizo hizo katika masanduku yao wenyewe. Kwa hiyo sanduku lenye jina la gari lako si lazima liwe na kitu bora kuliko sanduku lenye jina la aliyekitengeneza, ingawa bei huwa kubwa zaidi. Kwa mkulima, hili la pili mara nyingi ndilo la kununua.

Shida ni bandia. Kenya ilipitisha sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria haikai nawe kaunta. Tazama chuma, usitazame sanduku. Klachi halali huwa na namba zilizogongwa au kuandikwa vizuri juu ya presha na sahani, na namba hizo hulingana na za sanduku. Pitisha kidole ndani ya meno ya sahani. Yawe laini, bila makapi. Tazama misumari ya bitana. Vichwa vyote viwe vimezama sawasawa. Zile springi ndogo zilizo katikati ya sahani zisilegee wala kulia unapoitikisa. Na kama jina la kiwanda limekosewa hata herufi moja, rudisha sanduku juu ya kaunta na useme ahsante. Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee waliijua kwa jina la Grogan, ina maduka mengi ya vipuri yakiwa yamepangana. Basi ulizia bei katika maduka matatu. Ukipewa bei ya chini sana kuliko nyingine zote, hiyo ni sababu ya kuitazama klachi tena. Siku zote dai risiti yenye namba ya klachi, na mapatano ya kurudisha yaandikwe humo.

Je, iliyotumika kutoka Japani? Nisiikatae moja kwa moja, maana kwa magari mengine hakuna nyingine. Lakini ipime. Kwenye magari ya Toyota, kichwa cha msumari kikiwa kimezama chini ya uso wa bitana kwa milimita 0.3 tu, sahani imefika mwisho. Kwa hiyo inayokaribia hapo si ya kununua, hata ikiwa inang'aa. Vidole vya presha vikiwa vimechimbwa na rilisi ya zamani, iache.

Na kuna sahani zilizobandikwa bitana mpya na fundi wa hapa nchini. Kwa trekta au Land Rover ya zamani ambayo sahani yake ni adimu, kazi hii ikifanywa na fundi stadi hufaa. Sharti moja: chuma cha katikati kiwe kizima. Ukibandika bitana mpya juu ya meno yaliyolika umepaka rangi nyumba iliyobomoka. Kwa pikapu ambayo sahani mpya yapatikana, sioni haja.

Mtu mwingine atakushauri klachi "ya nguvu", yenye springi kali na vipande vya shaba au udongo wa kuchoma badala ya bitana ya kawaida. Hiyo ni ya mashindano. Hushika ghafla, gari huruka kama ndama aliyefunguliwa, na kwenye matope gurudumu litazunguka pale pale. Pedali huwa nzito, na mzigo wake husukuma kombeo la injini pia. Mwenye kubeba mbolea na majani anataka bitana ya kawaida ya kipimo sahihi, basi.

Kama fedha hazitoshi, najua mkulima atauliza anunue kipi kwanza kabla ya bonasi. Jibu langu ni kwamba gharama kubwa iko katika kushusha na kupandisha giaboksi, nayo hulipwa tena kila mara. Nunua sahani, presha na rilisi pamoja. Ukishindwa kabisa, presha yaweza kubaki kama uso wake haujapasuka wala kuchimbika na vidole vyake viko sawa. Rilisi isibaki kamwe. Ni ya bei ndogo kuliko zote, nayo ndiyo itakayokurudisha chini ya gari.

SIKU YA KUFUNGA

Uwepo. Si kwamba fundi ni mwizi. Ni kwamba maswali yatatokea, na mwenye gari ndiye wa kuyajibu.

Mwambie fundi asipulize vumbi la klachi kuukuu kwa mashine ya upepo wala asilifagie likiwa kavu. Kwa miaka mingi bitana zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona, baada ya miaka mingi. Uingereza waliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, lakini sahani iliyomo katika gari la zamani, au iliyotoka katika stoo ya zamani, huijui. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Na watoto wakae mbali.

Tafuta mafuta yalikotoka. Kama ndani ya nyumba ya klachi ni pabichi, sili imepasuka. Mafuta meusi ni ya injini, sili ya nyuma ya kombeo. Yaliyo mazito na yenye harufu kali ni ya giaboksi. Sili hiyo ibadilishwe leo. Sahani mpya ikipata mafuta imekwisha, hata ikiwa na umri wa wiki moja.

Kisha flaiwili. Ikiwa na mistari mirefu, mabaka ya buluu au nyufa, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza isawazishwe; nyufa ndefu humaanisha kutafuta nyingine. Katikati yake, au mwisho wa kombeo, mna kibushi au beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Mafundi huisahau. Ibadilishwe pamoja na zile nyingine.

Sahani ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi, nayo mara nyingi imeandikwa. Ikifungwa kinyume haitaachia. Iwekwe katikati kwa kutumia shafti kuukuu au kijiti kilichochongwa kwa kipimo, na boliti za presha zikazwe kidogo kidogo kwa kuvuka upande hadi upande, si moja baada ya nyingine kwa kuzunguka. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo sana. Wakati wa kupandisha giaboksi, jeki iibebe mpaka boliti zishike. Ikiachwa ining'inie juu ya sahani, itaipinda sahani mpya kabla gari halijawashwa.

Kilometa mia chache za mwanzo beba mzigo mwepesi ili bitana ikae vizuri. Mguu usipumzike juu ya pedali. Ukisimama kilimani shika gari kwa breki, si kwa klachi. Mbele ya kilima cha matope ngojea chini lori la majani lipite, kisha panda mara moja kwa gia ya kwanza. Baada ya kama kilometa elfu moja, gari ambalo klachi yake huvutwa kwa waya au husukumwa kwa fimbo ya kurekebishwa lipimwe tena nafasi ya pedali, maana bitana mpya hukaa na nafasi hubadilika.

Sahani kuukuu uichukue nyumbani. Ioshe kwa maji, na ikikauka andika juu yake kwa rangi upana wake, hesabu ya meno, namba ya klachi mpya na tarehe, kisha uitundike ukutani stoo, karibu na mizani.